Samaki Yetu Haikurudi

Bamama, munanisikia? Na bale ba nyuma? Bon. Mungu atukuzwe kwa vile ametukalisha hapa tena, minye na magoti yangu haya yenye yanalia kama mulango ya zamani.

Sina masomo minye. Nilifika mwaka wa pili ya primaire, mwalimu akaniambia, "Weye kazi yako ni kuchora kuku tu mu kaye." Ilikuwa kweli. Nilichora kuku, kisha nikamuchora na yeye, njo akakasirika. Basi munivumilie, nitasema vile ninajua. Na sitaita muntu jina. Mwenye atajiona mule, ajione polepole.

Nyumba yetu munaijua, pale chini karibu na ziwa. Minye na binti yangu tulikuwa na kazi tatu mu chumba moja: kuchora, kushona, na kuchapa. Minye nilikuwa nachora. Maua ya vitambaa vya meza, vichwa vya bamama ku ukuta ya saluni. Siku moja bwana mwenye saluni anakuja kuangalia, anasema, "Ee mama, lakini huyu ni bibi yangu! Nani alikuambia iko na shingo refu hivi?" Na bibi yake sijawahi kumuona hata siku moja! Mucheke tu. Na minye ninacheka.

Nikimaliza kuchora ua ku karto, ile karatasi nguvu, binti yangu anachonga. Alikuwa anachukua kambambili ya mupira imezeeka, ile ya kuvaa mu nyumba, anaikata na wembe mupaka ua linatokea. Anaibandika ku kibao, njo tampo hiyo. Anapaka rangi, anagonga ku kitambaa: pa! pa! pa! Minye napitisha pasi ya makala, rangi ishike. Yeye anarudi ku mashini. Leo nguo za korali, kesho nguo za harusi ya kule Mutarule, kesho kutwa invitasio za kuchapa ku karatasi, na bantu bako ku mulango banaita. Nilikuwa nasema, "Tutakufa na hii kazi." Yeye anajibu, "Mama, weye chora. Hii ingine uniachie."

Minye nilikuwa najua nabeba kazi tatu. Kumbe nilikuwa nabeba moja.

Sasa, ndugu zangu, nawaambia. Bamama ba korali yetu balituomba robe za sikukuu. Akazishona zote, nyeupe, zikabakia kuchapa. Nilikuwa nimechora jani la muhogo, ua, na samaki, mukeke yetu ya hapa. Ile samaki ilimusumbua! Anachonga, anatupa, anachonga tena. Nikamuambia, "Si uiache? Robe hazitapikwa." Akacheka mupaka wembe ikaanguka. "Mama, samaki bila jicho iko kama ya sokoni. Ngoja niipatie jicho." Akaipatia, katundu kadogo tu. Na ile samaki ikawa inakuangalia, hata ku nguo.

Akaanza kuchapa juu, ku kifua, akashuka mupaka kiuno. Robe zote. Ya chini alisema atafanya juma ijayo.

Homa ikamukamata. Tulimupeleka hospitali, banganga bakafanya yabo, ninyi mukaomba, mulikuwa pale. Hakurudi.

Munipe maji kidogo. Aksanti, mwanangu.

Mulikaa na minye ku matanga, mukalala chini ku mikeka pamoja na minye. Kisha kila muntu akaenda kwake, njo kawaida, batoto banangojea chakula. Nikabaki na mashini inaniangalia. Nikijaribu kushona, uzi inakatika. Nikijaribu kuchapa, rangi inamwagika. Bantu banagonga: "Mama, nguo yangu?" "Mama, invitasio zangu?" Nikawa nafunga mulango, najifanya siko. Kisha na kuchora pia, mukono ikakataa. Nilikuwa nakaa tu na ugali ya jana. Hata maji ya kuoga ilinisahau.

Asubui moja nikakusanya tampo zote mu beseni. Majani, maua, na ile samaki. Nikaenda nazo ku ziwa, nikasema, "Nimemaliza." Nikazitupa mu maji, nikarudi bila kugeuka.

Ah! Munacheka? Munajua tayari! Kambambili haizamaki! Muntu amezaliwa ku ziwa, amezeekea ku ziwa, kila siku anaona kambambili za bantu zinaelea pale, na yeye anaenda kutupa kambambili mu maji ili ipotee!

Mama moja mwenye alikuwa anafua nguo akanifikia wa kwanza. "Mama, hii si yenu?" Nikasema si yangu. "Namna gani si yako?" Akavuta robe yake, ile tulimuchapia zamani, akalaza tampo juu ya ua. Ikakaa pale sawasawa. "Niko nayo ku mwili, na unanikatalia?"

Kisha mulobi moja wa samaki akagonga ku mulango. Zilinasa mu wavu yake na ndagala. "Mama, leo nimevua maua." Na bamama ba kule Kalundu bakatuma zingine. Ziwa ikanirudishia zote. Samaki peke yake, haikurudi. Bakasema, "Ile imefika kwabo, itarudi kufanya nini?" Nilicheka, kisha nikalia siku muzima.

Korali nayo ikatuma muntu kuchukua robe. Nikazitoa kwa dirisha. Nilijua banapeleka kwa fundi mwingine, na sikubalaumu.

Siku ya Mungu nasikia wimbo mu njia. Njia ya kanisa haipitake pale kwangu, munajua! Nachungulia. Ni korali. Bamevaa zile robe. Juu, mupaka kiuno, maua, majani, samaki. Chini, nyeupe tupu. Batoto banauliza, "Bamama, rangi iliisha?"

Nikafungua mulango. "Munanipatisha haya! Muntu anavaa nguo nusu?"

Mukubwa wa korali akaniambia, "Mwenye kuchapa hajamaliza. Tutavaa hivi mupaka atamaliza."

"Samaki haiko."

"Tulikuuliza samaki?"

"Rangi ya chini haitafanana na ya juu."

"Isifanane."

Nikabaki na mulango ku mukono. "Lakini ile kazi yote, minye peke yangu, nitaiweza namna gani?"

Akasema, na hakujua alikuwa anasema maneno ya nani: "Mama, weye fanya moja. Hii ingine utuachie."

Pale njo nilianguka. Na pale njo nilisimama. Kesho yake balikuja. Moja akashika pasi, moja akachanganya rangi, moja akakaa ku mashini, kwa kiti yake. Minye nikagonga: pa! Ya kwanza iliinama. Ya pili, pia. Tukaendelea.

Aksanti, mwenye ulifua nguo. Aksanti, mulobi. Aksanti ninyi bote mulivaa nguo nusu mbele ya bantu kwa ajili yangu. Na weye mwenye kukimbiakimbia, uko na mashini huku na harusi kule, unasema unabeba yote: angalia nani ameshika upande ingine. Umuambie aksanti leo, angali anakusikia.

Korali, musimame. Bantu baangalie hapa, ku kiuno. Munaona ule mustari? Juu, buluu ya nguvu, ni mukono yake. Chini, ile imepauka, hakuna samaki, ni yangu.

Bananiambia nichonge samaki ingine. Karto nimechora. Wembe iko. Bado, bamama. Siku nitaiweza, nitaanzia ku jicho.