Sakafu ya Upande wa Wanawake

Asalaamu alaykum. Na nyinyi ambao hiyo si salamu yenu, hamjambo, karibuni. Nimeambiwa nina dakika kumi na niongee kwa upole. Dakika kumi nitajaribu.

Mimi nilifungwa. Naanzia hapo kwa sababu nusu yenu mnajua, na nusu nyingine mtanong'onezwa kwenye foleni ya chai. Nilihukumiwa miaka minne, nikakaa ndani miwili. Nilibeba mzigo wa mtu. Nikikamatwa niseme ni dawa za nywele, ndivyo nilivyofundishwa, na dada zangu, nawaambia, hata siku moja sikuamini kwamba ni dawa za nywele. Nilijua nabeba nini. Nikabeba mara tatu, ya tatu wakanishika. Kwa hiyo asije mtu hapa baadaye kunifuta machozi eti nilidanganywa.

Huko ndani kila mtu alitaka darasa la ususi. Likajaa. Mimi nikaangukia ujenzi, kuweka vigae, tailizi kama mnavyoziita. Mwalimu alikuwa mzee wa Kiingereza asiyependa maneno. Unaweka ukuta mzima, anakuja, anautazama, anabandua vyote, unaanza upya. Wiki ya kwanza nililia, na kilio chenyewe kilikuwa cha hasira. Majuto yalikuja baadaye, taratibu, nikiwa nimepiga magoti na mwiko mkononi, maana kazi ile inakupa muda mwingi wa kufikiri. Baada ya miezi minane akapitisha kiganja kwenye ukuta wangu, kutoka juu mpaka chini. Akasema huu tuuache. Wallahi hata siku ya harusi yangu sikusifiwa namna ile.

Siku ya kutoka nikapewa karatasi ya masharti na ramani. Kwenye ramani mji niliokuwa nikiishi umezungushiwa mstari. Nikiuvuka mstari ule, narudi jela. Dada yangu yumo ndani ya mstari, nyumba yangu imo, watu wote ninaowajua wamo. Nikapelekwa Birmingham, ambako sikumjua hata paka. Ofisa wa kunisimamia, mcheshi yule, akaniambia usihuzunike, zamani serikali yetu ikiwapakia wafungwa melini mpaka Australia, na wengi wao wakawa mafundi wakubwa, wakajenga miji. Nikamwambia asante, baba, wao walipewa Australia, mimi umenipa hosteli ya Erdington.

Cheka tu. Mimi siku ile sikucheka.

Hapa mjini nilikisikia Kiswahili mara ya kwanza mtaa wa Alum Rock, dukani, wanawake wawili wanabishana kuhusu mchele. Nikasimama pale kama mwizi, nasikiliza. Ndiyo nikawafuata mpaka mahali petu pa kuswalia. Mkanipokea vizuri, mkanilisha. Mwezi mzima nilikuwa "dada mgeni". Halafu habari zangu za jela zikafika, sijui zimepitia kwa nani na sitaki kujua. Ijumaa moja nikakaa kwenye safu, na mkoba wa jirani yangu ukahamia upande wa pili. Siku hiyohiyo mtoto akamuuliza mama yake kwa sauti, "Mum, is she the prison lady?" Yaani, huyu ndiye yule wa jela? Nikamjibu mwenyewe, "Ndiye mimi, mwanangu."

Nikaendelea kuja. Nilikuwa na haki ya kuswali kama nyinyi. Na siku nyingine nikaweka vigae kwenye mabafu ya Waingereza na Wapakistani, mpaka nikapata gari langu lenye jina langu ubavuni. Waswahili wenzangu hamkunipigia simu hata mmoja.

Sasa nifike kwenye sakafu.

Mnakumbuka wakati pale pa kutawadhia upande wa wanawake palipofanywa upya. Aliyefanya ni fundi mzuri wa majiko, mkono safi kabisa, lakini hajawahi kutawadha maishani mwake. Akaweka vigae vinavyong'aa, akalaza pimamaji, akahakikisha sakafu imenyooka kama meza. Jikoni ni sawa. Pa kutawadhia sakafu lazima iteremke kwenda kwenye tundu la maji. Maji yakabaki yametuama hadi mlangoni. Bi mkubwa mmoja akateleza, akavunjika mkono.

Ndipo mmoja wa kamati akanipigia. Mtu mwema, amekulia Kenya, simtaji. "Sister, hii maneno tuimalize polepole tu. Kuja Jumanne, hakuna watu. Wakiuliza, tutasema tumeleta kampuni."

"Kwa nini kampuni?"

"Unajua watu wetu, sister."

Ndugu zangu, mimi kazi ile niliitaka kuliko kazi yoyote niliyowahi kufanya. Ningeweza kuja Jumanne, nikaifanya, nikakaa Ijumaa kwenye safu nikijua miguu yenu inakanyaga kazi ya mkono wangu. Nilikaribia kabisa kusema ndiyo.

Nikasema hapana. Nitakuja Jumamosi, darasa la wanawake likiwepo, mlango ukiwa wazi. Na wewe utasimama uwaambie fundi ni nani, na ufundi ameupata wapi. Hutaki, tafuta kampuni.

Akakata simu. Wiki mbili zikapita. Nikajiambia umejiharibia, mjinga wewe, kiburi kitakuzika. Wiki ya tatu akapiga, neno moja tu: "Kuja."

Mliokuwepo mnajua. Alisimama nje ya pazia na karatasi yake, akasoma yote, jina, jela, ufundi. Alisoma harakaharaka, maskini. Dada mmoja alimshika mtoto wake mkono akaondoka. Mimi nimepiga magoti, nyundo mkononi, uso unawaka moto, nabandua kigae cha kwanza.

Basi bi mkubwa yule, mkono umefungwa plasta, akavuta kiti akaketi palepale mlangoni. "Wewe mfungwa," akaniita, mbele ya watu wote. "Hicho kibao cha kukalia tukiosha miguu kishushe. Aliyekipima hana magoti."

Chumba kizima kikacheka, na mimi nikacheka hadi nikaweka nyundo chini. Nikachukua futi nikampima goti lake, na kibao kile leo kina kimo cha goti lake. Akakaa hapo Jumamosi mbili, ananikosoa. Nilipomaliza nikamwaga ndoo nzima ya maji. Yakaenda yote kwenye tundu. Akavua soksi, nikampa mkono, akaukataa. Akatembea peke yake kwenye maji, akaenda akarudi.

Namshukuru yeye. Namshukuru yule mzee aliyenibandulia kuta, na ndugu wa kamati aliyesoma karatasi, kwa sababu aliogopa na bado akasoma. Dada aliyeondoka pia simchukii, ila leo namwona yupo, na ametawadha palepale.

Kama kuna mmoja humu ametoka ndani karibuni, namwambia asikubali kazi ya kufichwa, hata kama anaitaka kuliko kitu chochote. Aje kwangu, nitamfundisha kukata kigae mchana kweupe.

Na nyinyi wengine, mkinitambulisha kwa wageni, msiseme "huyu dada yetu fundi" halafu mkanyamaza mkitazamana. Semeni alifungwa. Halafu semeni ndiye aliyetengeneza sakafu yetu. Semeni yote mawili, na mseme kwa sauti, maana mimi nitakuwa nimesimama hapohapo nasikiliza.