Restituta Nyamizi, Aliyefundisha Mikono ya Watoto

Dada yetu Restituta Nyamizi Kornel alizaliwa tarehe 14 Agosti 1979 huko Puge, wilayani Nzega, mtoto wa tatu wa mzee Kornel na mama Bernadeta, ambao wote wametangulia. Mama alisimulia kwamba alimzaa kabla mkunga hajamaliza kunawa mikono. Tangu hapo Restituta hakumsubiri mtu.

Alisoma shule ya msingi Puge, 1987 hadi 1993, kisha sekondari hapa Tabora mjini. Mwalimu alimwita baba kulalamika kwamba binti hatulii kitini. Baba akajibu kwamba hata nyumbani viti vinamwona akipita tu. Mwaka 2001 alikwenda Moshi kusomea tiba kwa vitendo. Aliporudi tulimuuliza kama dawa yake inamezwa au inachomwa. Akatueleza kuwa ni kumsaidia mtoto ambaye mwili wake unamshinda, ajifunze kukaa, kushika, kutafuna na kufunga vifungo, na kwamba dawa yenyewe ni michezo. Hatukumwelewa.

Alifanya kazi hospitalini, na kuanzia 2012 alipokea watoto pia katika chumba kimoja cha nyumba yake, hapa Kipalapala. Alitundika magunia yakawa bembea kwa watoto wasioweza kutulia mpaka watikiswe kwanza. Mtoto asiyejua kuzungusha chakula mdomoni alimpaka asali kidogo juu ya mdomo, ulimi uhangaike kuifuata. Wengine aliwamenyesha karanga kwa vidole viwili, wengine walitambaa chini ya meza wakisukuma viazi. Majirani walidhani amefungua chekechea isiyo na adabu. Mama mmoja wa Usoke alipomwomba radhi kwa sababu mwanawe anazunguka mno, Restituta alimwambia mtoto hana kosa, kuna kitu anakitafuta mwilini, wamsaidie kukitafuta.

Tarehe 10 Oktoba 2009 alifunga ndoa na shemeji yetu Godbless, mfanyakazi wa reli, katika kanisa la Usoke. Februari 2014 Mungu akawajalia binti, Kalunde. Viganja vya Kalunde havivumilii kitu chenye kunata wala chenye chengachenga. Ugali anakula kwa kijiko. Udongo hagusi kabisa.

Novemba 2018 tulikuwa Puge, mvua zimeanza. Kwetu kila mtoto wa ukoo hupanda mbegu yake ya kwanza kwa mkono wake, kwenye tuta bichi, ndugu wakitazama. Kalunde alirudi nyuma. Restituta, aliyekuwa na subira isiyoisha kwa watoto wa wenzake, siku hiyo alikuwa mama anayetazamwa na mashangazi. Alimshika mwanawe kifundo cha mkono, akakididimiza kiganja kwenye tope. Mtoto alipiga yowe, akatapika, na kwa siku kadhaa alilala mikono ikiwa juu. Dada alilia sana. Alisema amefanya kile anachowakataza wazazi wote wanaomjia.

Alianza naye upya. Unga mkavu kwanza, baadaye maharage, baadaye mchanga kwenye beseni, kwa kijiko tu. Ilichukua miaka. Pasaka ya mwaka huu Kalunde alichovya kidole kimoja mchangani mwenyewe, akakitoa, akakifuta, akakirudisha. Mama yake alitoka nje akazunguka nyumba mpaka alipoweza kuingia bila kupiga kelele za furaha.

Figo zilianza kumsumbua Machi 2024. Alisafishwa damu, akapata nafuu, akarudi kwa watoto wake mapema kuliko alivyoruhusiwa. Mei mwaka huu alizidiwa. Hata kitandani vidole vyake havikutulia, vilikunja na kukunjua pindo la shuka. Siku moja aliniita akaniambia, "Festo, siku ya kunizika msimshike mkono. Mkimlazimisha, ataogopa udongo, na mimi niliyemo ataniogopa." Alifariki Jumatatu, tarehe 9 Juni 2025, saa nne asubuhi, hospitalini Tabora.

Jana tulibishana. Shangazi Siwema, ambaye tunamheshimu, alisema mtoto asiyemtupia mama yake udongo hajamuaga, na kwamba atamshika mkono mwenyewe, jambo liishe haraka. Wengine wakataka Kalunde abaki ndani asione. Shangazi, shikamoo. Nasoma haya kwa sababu sisi sote ukoo huu ni watu wa haraka, na ninajua tukifika kaburini tutasukumana.

Restituta ameacha mume, Godbless, binti, Kalunde, ndugu wawili, mimi Festo na dada yetu mkubwa Mwanajuma, shangazi yetu Siwema, na watoto wengi wa chumba kile, baadhi yao wanakimbia huku nyuma wakati huu. Msiwanyamazishe.

Sasa tutakwenda. Kalunde atatangulia, na sisi tutasimama mbali kidogo. Akitumia kijiko, ni sawa. Akitumia mkono, asipigiwe makofi. Akirudi nyuma, tutasubiri, hata jua lituchome.

Dada, hukupumzika hata siku moja ulipokuwa nasi. Mungu akupumzishe sasa kwa amani.

Kalunde, mjomba yupo hapa. Hakuna anayekuharakisha.