Nehemiah Wabwile na Bakuli Lililo Majini

Kitu cha kwanza nilichokiona kwa babu yetu, marehemu Nehemiah Wabwile, ni kwamba alishika kikombe cha plastiki kwa mikono miwili. Nilikuwa na miaka mitano, nikadhani anaogopa chai.

Marehemu alizaliwa tarehe 12 Machi 1951 huko Mabanga, Bungoma, mtoto wa tatu wa Mzee Mukhisa na Mama Nafula. Alisomea shule ya msingi hapo hapo, kisha sekondari mjini Bungoma, akamaliza mwaka 1970.

Mwaka 1979 aliajiriwa Pwani, katika karakana ya kutunza vyombo vya kauri vilivyotengenezwa China karne nyingi zilizopita ili viuzwe ng'ambo, vikazama na meli. Kazi yake ilikuwa kuviloweka katika maji yasiyo na chumvi na kuyabadilisha kila siku, kwa miezi, hadi kipimo kionyeshe kwamba chumvi imekwisha. Mwaka huo huo alitoa sahani moja mapema, akaikausha dirishani. Siku ya tatu chumvi ilisukuma kutoka ndani, na ua la buluu lililochorwa juu yake likabanduka vipande vipande.

"Bahari bado imo ndani, Wabwile," msimamizi wake, Bwana Aziz, alimwambia.

Tangu siku hiyo hofu haikumtoka.

Tarehe 17 Desemba 1983 alimwoa Lenah Nangila wa Kiminini. Bibi alizoea kumtania: "Wewe bana, unaogopa bakuli kuliko unavyoniogopa mimi!" Naye alijibu, "Wewe ukianguka si unaamka?"

Alistaafu mwaka 2006, wakahamia Kitale. Januari mwaka huu jirani yetu, Nafisa Muhdhar, alimletea bakuli la marehemu nyanya yake, lenye ua la buluu, ambalo mpiga mbizi alilitoa kwenye meli iliyozama, miaka mingi iliyopita. Lilikuwa limeanza kutoa unga mweupe wa chumvi. Walikubaliana kwamba likipona lipelekwe makumbusho. Marehemu aliliweka kwenye beseni nyuma ya jikoni, kwa maji ya mvua tu.

Moyo ulianza kumsumbua mwezi wa Aprili. Alifariki Jumanne, tarehe 3 Juni 2025, hospitalini Kitale. Maneno yake ya mwisho kwangu yalikuwa, "Maji mmebadilisha?"

Tulibadilisha kila asubuhi, hadi Jumatano hii. Akina mama waliokuja kutusaidia kupikia waombolezaji waliosha vyombo vyote. Kwetu kila nyumba hutia sahani zake alama ya rangi ya kucha, ili zisipotee matangani.

"Hili halina alama. Ni la nani?" mmoja wao, Mama Bethwel, aliuliza alipolitoa bakuli kwenye beseni. Akalisugua, akalianika juani pamoja na sufuria.

Nililikuta saa nane mchana, limekauka kabisa. Nilikimbia kumwita bibi.

"Rudisha majini," bibi alisema. "Usiguse ua."

Jioni Nafisa alikuja kutupa pole, na bibi akamwambia ukweli. Nafisa alichutama kando ya beseni, akalitazama bakuli.

"Tusubiri basi, Mama Sifuna," akasema. "Mzee mwenyewe si alikosea mara moja?"

Marehemu ameacha mjane, Lenah. Watoto wake, Sifuna, Nekesa na Munialo. Na wajukuu saba. Mungu ampe pumziko lisilo na hofu.

Hofu hiyo sasa ni yetu. Jumatatu, tarehe 30 Juni, kipimo cha chumvi alichotuachia kikikubali, bibi atalitoa bakuli kwa mikono miwili na kuliweka kivulini. Nafisa atakuwepo, na Mama Bethwel pia. Siku ya tatu ndipo tutajua kama ua limebaki.