Ufunguo wa Shangazi Sim

WASIFU WA MAREHEMU GOON YUET SIM, 1941–2024
Umeandikwa na kusomwa na mpwa wake, Byron Goon

Wengi mmeuliza kwa nini maziko haya yamewekwa saa nane mchana, ilhali watu wa kwetu huzika asubuhi. Hilo ni agizo la marehemu mwenyewe. Aliliandika kwa mkono wake na kulipigia mistari miwili chini: vijana wapeleke kwanza chakula cha wazee, ndipo waje kumzika. Basi kama mmeshikwa na baridi mkingoja, mjue aliyewangojesha ni Goon Yuet Sim, na si mara ya kwanza.

Marehemu alizaliwa tarehe 11 Machi 1941 katika kijiji kimoja cha Toisan, kusini mwa China, mtoto wa kwanza kati ya watoto wawili wa Mzee Goon Bak Hong na mkewe, Bi. Moy Lai Kuen. Baba alikuwa ng'ambo akifua nguo za watu, na nyumbani alijulikana kwa barua na picha moja tu. Mwaka 1952 mama aliwachukua wanawe, Yuet Sim na mdogo wake Jun Fook, akaingia nao Hong Kong. Walipanga nusu ya chumba. Nusu nyingine ilikuwa ya fundi viatu aliyekoroma, na marehemu alikuwa akisema kwamba hapo ndipo alipojifunza uvumilivu, maana kanisani hakujifunza.

Alianza shule mwaka 1955 akiwa na miaka kumi na minne, katika shule ya kanisa iliyokuwa juu ya paa la jengo la makazi. Aliketi na watoto waliomfika kiunoni. Walimcheka wiki moja, kisha wakaacha, kwa kuwa ndiye aliyekuwa akiwafuta kamasi na kuwapanga mstari wakati wa kushuka ngazi. Alibatizwa hukohuko juu ya paa mwaka 1957, mvua ikinyesha, hata haikujulikana nani amebatizwa na nani amelowa tu. Alimaliza darasa la sita mwaka 1961, kisha akaingia kiwanda cha nywele za bandia.

Mwaka 1968 aliwasili New York, na kwa miaka ishirini na minne alishona zipu katika viwanda vya Manhattan. Tarehe 14 Juni 1970 alifunga ndoa na Bw. Eng Wah Kit, mpishi. Bwana harusi hakumwamini mpishi yeyote mjini, kwa hiyo karamu aliipika mwenyewe. Bibi harusi alikaa meza kuu peke yake mpaka sahani ya saba, na alipoulizwa mume yuko wapi alijibu, "Yuko jikoni. Mkisifu chakula atatoka." Walijaliwa binti mmoja, Lorna, mwaka 1973. Mwaka 1986 walihamia Barabara ya Nane, Brooklyn, wakajiunga na Kanisa la Neema na Kituo chake cha Jamii. Bw. Eng alifariki mwaka 1993.

Sasa tunafika kwenye jambo ambalo marehemu hakupenda lisemwe. Alikataza akiwa hai, lakini leo hawezi kutunyamazisha.

Novemba mwaka 1987 alimpelekea supu jirani yake wa ghorofa ya tatu, Mzee Yee, aliyekuwa akiishi peke yake. Alibisha, akangoja kidogo, akabisha tena. Kimya. Akadhani mzee ametoka, akarudi na supu yake. Siku ya tatu mlango ulivunjwa. Mzee Yee alikutwa sakafuni hatua mbili kutoka mlangoni, ndara miguuni. Alikuwa anakuja kufungua. Marehemu hakujisamehe kamwe. Watu walimwambia mzee angekufa tu, naye alijibu, "Angekufa, ndiyo. Lakini si akisikia nyayo zangu zikiondoka."

Mwaka 1988 alikwenda kwa vijana wa kanisa, waliozoea kukaa ukumbi wa chini wakicheza tenisi ya meza, akawapa mikebe ya chakula ya kuwapelekea wazee wanaoishi peke yao, na sheria mbili. Ya kwanza: kila kitu kiandikwe namba ya mlango. Ya pili: ukibisha, hesabu mpaka mia moja kabla ya kusogeza mguu, na ukihesabu mbiombio unajidanganya mwenyewe. Ndivyo walivyozaliwa Vijana wa Mikebe. Wazee walicheka, kisha wakazoea, kisha wakaanza kumwachia marehemu funguo za akiba. Alizitundika kwenye ubao katika jiko la kituo, kila ufunguo na msumari wake. Kufikia mwaka 1996 zilikuwa funguo thelathini na moja.

Mwaka huohuo nusura zote ziondoke, na mmoja wa waliosababisha ndiye anayesoma wasifu huu. Alikuwa na miaka kumi na mitano, na akili yake ilikuwa inakuja taratibu.

Desturi inajulikana: chumba husafishwa kabla ya mwaka mpya wa Kichina, na siku ya kwanza ufagio hufichwa, maana ukifagia siku hiyo unaifukuza bahati ya mwenye nyumba. Kila mtu anajua, ila watoto waliozaliwa Brooklyn na kusikiliza nusu nusu. Marehemu aliwapa vijana kumi na wanne fagio na kuwaambia wakasafishe vyumba vya wazee Jumamosi tarehe 17 Februari. Jumamosi hiyo theluji ikafunga njia. Jumatatu tarehe 19 ndiyo ilikuwa siku ya kwanza ya mwaka mpya, na shule zilikuwa zimefungwa. Vijana wakakumbuka kwamba kazi waliyopewa haijafanyika. Wazee wakiwa kwenye ibada na marehemu jikoni akikaanga keki za figili, walizichukua funguo msumarini kimyakimya na kwenda kuwashtukiza wazee kwa wema. Walifagia vyumba vyote thelathini na moja. Walifagia hata chini ya vitanda.

Saa saba mchana Bibi Leong wa ghorofa ya nne, mwenye miaka themanini na minane, alishuka ngazi zote akaingia jikoni na mkongojo.

"Nipe ufunguo wangu, Sim."

"Kuna nini, Bibi?"

"Watoto wako wamenifagilia bahati yangu yote nje. Hata mwizi hubakiza kitu."

Nyuma yake walikuwa wengine. Kila mmoja alichukua ufunguo wake, na hakuna aliyepiga kelele, jambo lililouma zaidi. Mikebe ya mchana ilirudi imejaa vilevile. Ubao ulibaki misumari mitupu. Marehemu aliutazama, na vijana waliokuwa pale wanasema ndiyo siku pekee waliyomwona ameketi chini saa za kazi. Hakusema alichokiona pale ubaoni. Alikisema miaka mingi baadaye: aliona milango thelathini na moja, na nyuma ya kila mmoja Mzee Yee.

Mwenyekiti wa baraza la kanisa, Mzee Seid Gim Fay, alikuja akiwa bado na koti lake la sikukuu.

"Dada Sim, watoto hawa nilikwambia. Baraza linakaa siku ya Taa, sikukuu zikiisha, siku ya kumi na tano kuanzia leo. Wazee wasiporudi, kikosi tunakivunja na ukumbi tunautafutia kazi nyingine."

"Kosa ni langu, Mzee. Ufagio niliwapa mimi."

"Liwe la yeyote. Maji yakimwagika hayazoleki."

Marehemu akainuka, akafunga upya aproni yake. "Ni vumbi, Mzee, si maji. Vumbi huzoleka." Kisha akawageukia vijana. "Takataka mmezitupa wapi?"

"Nje, Shangazi. Kwenye theluji."

"Mlizichanganya?"

Kijana mmoja akajibu kwa sauti ndogo kwamba hapana, kila chumba kilikuwa na mfuko wake, na kila mfuko umeandikwa namba ya mlango. "Si ulisema kila kitu, Shangazi?"

Marehemu aliwatazama mmoja mmoja. Alikuwa mgumu wa kusifu, na hata siku ile hakusifu. Alisema tu, "Vaeni glavu."

Kwa kuwa siku hiyo ilikuwa pia sikukuu ya serikali, gari la taka halikupita. Walichimba theluji ya kando ya njia kwa masufuria na mikono mpaka mifuko thelathini na moja ikapatikana, mmoja ukiwa umekojolewa na mbwa. Wapita njia waliwaona watoto wa watu wakikumbatia takataka sikukuu, wakatikisa vichwa. Mama mmoja akauliza, "Nyie mmepoteza nini humo?" Marehemu akamjibu, "Mali za watu," akaendelea kuchimba.

Mlango wa Bibi Leong alipewa mpwa wa marehemu. Alibisha, akahesabu mia. Kimya. Alimtazama shangazi yake aliyekuwa ngazini, naye akamwonyesha kidole: tena. Akahesabu mia ya pili. Ndani alisikia kikombe kikiwekwa mezani, basi alijua bibi yupo, na bibi alijua yeye yupo. Kwenye mia ya tatu, alipofika tisini na sita, mnyororo ulitolewa.

"Umeleta yote?"

"Yote, Bibi. Hata maganda ya mbegu za tikiti."

Bibi Leong alifungua mfuko akachungulia, akachokoachokoa kwa kidole. "Uzi huu mwekundu ni wangu. Na kifungo hiki nilikitafuta tangu mwezi wa kumi." Akarudi nyuma kumpa njia. "Mwaga."

"Nimwage wapi, Bibi?"

"Ulikofagia. Na chini ya kitanda pia, si ulifika huko?"

Kijana akamwaga. Vumbi likatua sakafuni, bibi akalitazama likitua, uso wake ukalegea. "Haya, keti ule," akasema. "Umekonda. Mama yako anakulisha nini?" Kijana alikula keki ya figili miguu ikiwa juu ya takataka, na mpaka leo hajala tamu kama ile. Hivyo ndivyo ilivyokuwa mlango baada ya mlango. Vijana walirudi kituoni wamevimbiwa, wawili wakatapika, na marehemu akafurahi waziwazi.

Siku ya Taa, tarehe 4 Machi 1996, baraza lilikaa ukumbi wa chini. Kabla ya Mzee Seid kufungua kikao, mlango ulifunguliwa, wakaingia wazee, wengine wameshikwa mikono, wengine wamebebwa mgongoni na vijana walewale. Hawakuomba kusema. Walipita mbele ya baraza mpaka jikoni, na kila mmoja akatundika ufunguo wake msumarini. Kikao kizima kilisikiliza chuma kikigusa chuma mara thelathini na moja. Bibi Leong alikuwa wa mwisho. Alisimama mbele ya mwenyekiti akasema, "Gim Fay, mimi nilikujua ukiwa na kamasi. Hawa watoto ni wangu." Mzee Seid aliandika kwenye kumbukumbu kwamba suala limekwisha. Mwaka 2003 naye alileta ufunguo wake.

Tangu siku ile kikosi hakikukosa mchana hata mmoja, si kwa tufani, si kwa umeme kukatika, si katika ule mwaka wa ugonjwa, mikebe ilipoachwa kizingitini na vijana wakahesabu mia wakiwa ngazini mpaka waone mkono umetoka. Vijana mia mbili na kumi na mmoja wamepita mikononi mwake. Wamo madaktari, madereva, mchungaji mmoja, na mmoja aliyefukuzwa mara tatu akarudi mara nne. Wako humu ndani leo, na ukiwaangalia wanavyobisha mlango wowote duniani utawatambua.

Marehemu alianza kusumbuliwa na moyo mwaka 2019. Mwaka 2020 aliutundika ufunguo wake mwenyewe ubaoni, wa mlango namba 32, akasema, "Sasa mimi ni mteja. Msinicheleweshee uji." Alilazwa Desemba 2023, akaomba kurudi nyumbani. Siku ya kwanza ya mwaka mpya, tarehe 10 Februari 2024, vijana walijaa chumbani kwake wakitafuna mbegu, maganda yakatapakaa sakafuni. Mgeni mmoja mdogo aliinuka kutafuta ufagio. Mingxi, binti wa miaka kumi na sita aliyefika nchini miaka miwili tu iliyopita, alimshika shati: "Keti, we. Unataka kutuchimbisha theluji?" Marehemu alicheka mpaka akapewa maji. Alimwambia Lorna usiku huo kwamba sasa hana wasiwasi.

Jumapili tarehe 18 Februari, saa tano na nusu asubuhi, Mingxi alifika na mkebe namba 32. Alibisha, akahesabu mia. Akahesabu mia ya pili, na ya tatu, bila haraka. Kisha akatumia ufunguo. Marehemu, ambaye kwa miaka thelathini na nane hakulala bila kufunga mnyororo, safari hii alikuwa ameutoa. Alikuwa kwenye kiti alichokisogeza karibu na mlango, ndara miguuni, amelala usingizi wa mwisho. Hakutaka mlango uvunjwe, na hakutaka mtoto yeyote abaki akijiuliza.

Mingxi, wasifu huu unakwambia mbele ya watu wote: hukuchelewa. Alisikia nyayo zako zikija.

Marehemu ameacha binti yake, Lorna Eng, mkwe, Raymond, wajukuu wawili, Tessa na Colin, mdogo wake, Mzee Goon Jun Fook, mpwa mmoja, aliyefagia, wazee arobaini waliokwisha kula mchana huu, na vijana mia mbili na kumi na mmoja.

Lala salama, Shangazi Sim. Mikebe imerudi mitupu, na ufunguo wako uko msumarini.