Wimbo wa Tano Kwenye Flashi Yangu

Assalamu alaykum, mama zangu na dada zangu wa Ole. Namshukuru Allah aliyenirudishia ulimi wangu, na akanipa siku ya leo ya kuutumia kabla hajaniita. Wenyeji mnanijua, mimi Time, binti wa Bi Rukia. Ila naona pia wageni kutoka Gombani na Mkoani, basi nitasema kila kitu tangu mwanzo, hata yale ambayo wenyeji mnayajua kwa namna nyingine.

Nianze na aibu ndogo, kubwa inakuja. Mimi ni mke wa mtu na mama wa watoto wawili, na napenda nyimbo za kufokafoka. Nina flashi nyekundu yenye nyimbo tisa nilizozichagua mwenyewe, mmoja mmoja, kwenye duka la simu Chake Chake. Muuzaji aliniuliza kama namchukulia mwanangu. Nikamwambia ndiyo. Ustadhati, mwalimu wetu wa darsa hili, ameshanieleza anavyoziona nyimbo hizi na sikubishana naye. Lakini nikisimama kushuhudia nikaificha flashi, nitakuwa nimeanza na uongo, na uongo ndio uliotaka kuniangamiza.

Wimbo wa kwanza ni wa kijana anayetafuta kazi. Anataja kila mlango aliobisha, na rangi ya kila mlango. Huo nilikuwa nikiusikiliza nikichambua karafuu. Wa tatu ni wa msichana anayemjibu baba yake wa kambo, maneno yamefuatana mpaka unahisi wewe ndiye unayekosa pumzi. Nikigombana na mume wangu nauweka huo, ukiisha nimeshapoa na chai nampikia. Wa saba, mtu yuko mbali na kwao, anamtajia mama yake vyakula vyote alivyokuwa akimpikia. Huo alikuwa akiupenda Hafidh, ndugu yangu, mdogo wangu wa pekee. Tulikuwa tukinyang'anyana redio kwa ajili yake, yeye mtu mzima wa miaka ishirini na mbili.

Wa tano hauna kiitikio. Mwanamume anasema alikuwa akiendesha pikipiki, amelewa, kampakia rafiki yake nyuma. Anataja barabara. Anataja kona. Anasema rafiki kafa, mimi mzima, na mama yake rafiki nimemwambia pikipiki ilikatika breki. Halafu anasema breki hazikukatika. Wimbo unaishia hapo.

Mtaniuliza kwa nini si taarabu. Taarabu naiheshimu, nimeolewa nayo. Lakini kwenye taarabu mtu hupigwa kijembe ukumbi mzima wakabaki wanaulizana kapigwa nani. Hawa wanasema mimi, siku fulani, pahala fulani, nilifanya hivi. Nilikuwa nawapenda kwa hilo wakati mwenyewe sina la kusema.

Ndugu zangu, msimu wa karafuu ule wa mwisho kulikuwa na mkarafuu mmoja kwenye bonde letu uliozaa kuliko yote. Asubuhi nilipofika shambani niliona mchwa. Walikuwa wamejenga njia ya udongo tangu chini mpaka kwenye panda ya juu. Niliwaona kwa macho yangu haya. Nikatazama juu nikaona mti ulivyokuwa mwekundu kwa karafuu zilizokwisha kuiva na kuanza kuharibika, nikanyamaza.

Hafidh alipokuja aliushika mti akasema, "Dada, mti huu umezeeka."

Nikamwambia, "Kama waogopa, teremsha suruali nivae mie, nipande."

Akacheka. Akapanda akiwa bado anacheka. Panda ilikatika kabla hata hajaning'iniza pakacha. Alikufa pale pale miguuni mwangu, hakusema neno, na mimi sikusema neno.

Sikusema siku ile, wala siku ya tatu, wala ya arubaini. Watu waliniuliza imekuwaje, nikawatazama tu. Siku za mwanzo wallahi sauti haikutoka. Baadaye sijui. Nakiri mbele yenu kwamba sijui ni siku gani iligeuka kutoka siwezi kuwa sitaki.

Sasa watu hawakai na jambo lisilo na maelezo. Jioni ya kuamkia msiba, Hafidh alikuwa amegombana na Bi Shinuna, jirani yetu wa mpakani, kwa sababu ya tawi lililoinamia upande wake. Bi Shinuna alimwambia, "Utaona mwisho wake." Nani hapa hajawahi kumwambia hivyo kijana mtundu? Lakini kijana kafa kesho yake, na dada yake kawa bubu. Ikasemwa Bi Shinuna kaua mmoja na kamfunga ulimi mwingine. Kila siku niliyonyamaza ilikuwa ushahidi juu yake.

Mama yangu alinipeleka kwa mganga. Ustadhati, niwie radhi, nasema lililotokea. Mnajua kule kila pepo ana wimbo wake. Wanawake huimba na ngoma hupigwa, wimbo baada ya wimbo, mpaka upigwe ule ulio wa pepo huyo, hapo mgonjwa hutetemeka na pepo hupanda. Kwangu waliimba siku mbili mchana kutwa. Nilikaa tu kwenye moshi wa ubani macho yakinitoka machozi.

Siku ya tatu, baada ya adhuhuri, mama akasema, "Ntoto wangu huyu nyimbo zake sizo hizi. Nyimbo zake zimo kwenye flashi."

Yule mganga hakucheka. "Ilete," akasema. "Mapepo ya siku hizi nayo yamesoma."

Wakaichomeka kwenye redio. Ukapita wa kwanza, wa pili, wa tatu, wa nne. Ulipofika wa tano nikaona midomo yangu inakwenda. Kwanza bila sauti, halafu sauti ikaja, nzito, nikaenda na yule mwanamume neno kwa neno, barabara, kona, breki. Wimbo ulipokwisha mimi sikunyamaza. Nilisema, "Mchwa niliwaona asubuhi. Mimi ndiye niliyempandisha. Bi Shinuna hana kosa."

Mganga akasogea mpaka usoni pangu. "Nani wewe? Jina lako nani?"

Nikasema, "Mimi Time."

Akawageukia wanawake akitabasamu. "Pepo mjanja huyu. Ajificha kwa jina la kiti chake." Kiti ndiye mtu aliyekaliwa. Akawaeleza kwamba pepo huyu ametumwa, na sasa anamtetea aliyemtuma. Wote wakaitikia. Mama akanikumbatia akilia kwa furaha, kwa kuwa mwanawe kasema.

Ndugu zangu, mimi nilisema kweli kwa mara ya kwanza, na kweli ile ile ikageuzwa kuwa hoja ya kummaliza Bi Shinuna. Wiki ile mlango wake ulipakwa kinyesi. Nilikuwa ninayo sauti wakati huo. Nilikuwa nawaamkia watu, nawaambia watoto wavae viatu, namwambia mume wangu chumvi imezidi. Hilo moja tu sikulisema. Nilijiambia nimeshalisema, hawakuniamini, si kosa langu. Nilipotaka kulirudia, mama alinifunga mdomo kwa kiganja chake. "Nyamaza, mwanangu. Pepo kasema, basi. Mmoja nimeshamzika."

Nikanyamaza miezi minne. Nilikula, nilisali, niliota mchwa.

Bi Shinuna, kwa wageni msiomjua, ndiye aliyekuwa akiosha maiti za wanawake mtaani petu. Bibi yangu yeye ndiye aliyemwosha. Basi akafariki jirani mmoja, mwanamke, na wenye msiba wakaagizia mwoshaji kutoka mbali. Bi Shinuna alikuja vile vile, bila kuitwa, kavaa nguo zake za kazi. Hawakumruhusu kuingia. Akakaa nje ukutani, juani, mpaka maiti akatoka. Mimi nilikuwa napita na ndoo ya maji, njia nyembamba. Nilipomfikia akauvuta mguu wake ndani haraka, akaukunja chini ya kanga, nisije nikaugusa. Sikuelewa mara moja. Halafu nikaelewa. Yule mama alikuwa ananiogopa mimi. Nikijikwaa kwake, nikianguka, kesho wangemchomea nyumba.

Nilirudi nyumbani nikauweka wimbo wa tano. Miaka yote nilidhani naupenda kwa mapigo yake. Nikausikiliza nikagundua yule mwanamume haombi msamaha mahali popote, wala halii. Anarudisha kitu alichokichukua, basi. Kamchukulia mama wa rafiki yake ukweli wa kifo cha mwanawe, anaurudisha. Sikuuweka mara ya pili. Nikaomba, "Ya Rabbi, nipe mdomo wa mchana, usio na ngoma." Nikatia udhu, nikasali rakaa mbili, nikenda kwa Bi Shinuna nikiwa natetemeka kweli, na pepo hakuwepo.

Alinisikiliza amesimama mlangoni. Nilimwambia mchwa, nikamwambia suruali, nikamwambia kila kitu. Nilitaka alie au anipige. Aliniuliza tu, "Umemaliza?"

Nikasema, "Nimemaliza, Bi."

"Haya. Hapa kwangu hapana kilichoharibika. Kaseme kule kulikoharibika." Akafunga mlango.

Alikuwa na haki. Kulikoharibika ni hapa, mama zangu, kwenye mkeka huu. Hapa ndipo aliposengenywa na sisi tukiwa na misahafu mapajani, na mimi nilikuwepo. Ndiyo maana nilimwomba Ustadhati nafasi hii, na nikamwomba amwalike.

Basi nasema. Leo sina ngoma, sina ubani, redio iko nyumbani. Mniangalie vizuri usoni muone ni mimi. Ndugu yangu Hafidh hakuuawa na mtu kwa uchawi. Niliona mchwa nikamtuma. Ulimi wangu haukufungwa na Bi Shinuna, niliufunga mwenyewe. Na kwa mganga hakusema pepo, nilisema mimi.

Mama yangu hakuja leo. Ameniambia nikilisema hili mbele za watu, nisiende kwake kwa muda. Nampenda, na sijui muda huo ni mrefu kiasi gani. Hafidh hajarudi na hatarudi, wimbo wa saba siwezi kuusikiliza mpaka mwisho. Mtu akikwambia kuokolewa kunaondoa maumivu, usimwamini. Mimi nimeokolewa na kifua kinauma. Lakini naweza kusujudu sasa bila ya kuhisi kuna mtu nimemkanyaga, na kwa hilo namhimidi Allah asubuhi na jioni. Na wewe uliyebeba lako, mtegemee Yeye ulitoe. Atakupa mdomo, hata akikupitishia njia ambayo watu wataicheka.

Mimi nimemaliza. Bi Shinuna yupo, kakaa kule karibu na mlango, na nyote mmeona kwamba mkeka umejaa isipokuwa pale alipo yeye. Nakwenda kukaa naye upande wa kulia. Wa kushoto uko wazi.