Saa Aliyoinadi Mwenyewe

Ijumaa tarehe 28 Novemba 2025, Mzee Elirehema Nanyaro, fundi mkuu wa pampu, anastaafu baada ya kulitumikia shamba letu la maua hapa Usa River kwa miaka thelathini na moja. Kamati iliniomba niandike wasifu huu kwa utulivu. Nimejaribu, ila namwandika mtu ambaye katika miaka yote hiyo hajawahi kumaliza kikao akiwa amekaa.

Alianza kazi mwaka 1994 kama msaidizi wa mabomba, akishuka kila asubuhi kutoka kijiji cha Poli kwa miguu. Baadaye alipelekwa Ujerumani kusomea pampu. Alirudi na cheti, na Kijerumani cha kusalimia, na ugonjwa ambao haujapona mpaka leo: saa za mkono za kutia ufunguo kutoka Glashütte, mji mdogo wa mafundi saa kule Saksonia. Hazina betri. Ukiisahau moja siku mbili, inasimama.

Anazo nne tu, na kila moja imemsumbua roho. Moja aliifuatilia miaka kadhaa, hadi akaipata kwa ng'ombe wawili wa maziwa, jambo ambalo mkewe, Mama Tabea, hajalisahau. Wageni wa shamba wanamjua: huwatazama kwanza mkono, ndipo uso. Mnunuzi mmoja wa maua alidhani yuko karibu kuibiwa, kumbe mzee alikuwa anaomba tu kuona mgongo wa saa, penye kioo, ambapo fundi huchonga maua madogo kwa mkono.

Kazini hakuwa na mfano. Mwaka ule wa ukame, mifereji ilipokauka, aliifufua pampu iliyokuwa imeshatupwa kwenye vyuma chakavu, na hakuna kitalu kilichokufa. Tulimshukuru kwenye mkutano, lakini alikuwa ameshatoka kwenda kuikagua.

Saa aliyoipenda kuliko zote ni ile aliyopewa na mwalimu wake wa Ujerumani siku ya kuagana. Aliapa kwamba ndiyo atakayoivaa siku ya kustaafu. Kwa kuogopa wezi, kila aliposafiri aliificha ndani ya kikapu cha maharage, bila kumwambia mtu. Agosti mwaka huu alirudi kutoka safarini Jumamosi jioni, akalala kabla ya kuitoa. Kesho yake ilikuwa sikukuu ya mavuno, na Mama Tabea, mkono wazi kama kawaida yake, akapeleka kikapu kile kanisani.

Mnajua baada ya ibada sadaka za mazao hunadiwa nje, na mnajua mnadishaji ni nani. Mzee wetu, bila kukitambua, alikinyanyua kikapu kile juu akatangaza, "Maharage haya si ya kawaida, wapendwa! Humu ndani mna baraka!" Akakipandisha bei mpaka kikachukuliwa na Bibi Nanyori, mkulima wa Oldonyo Sambu aliyekuja kumtembelea binti yake.

Mzee aligundua hasara yake saa kumi alasiri. Kumfuata bibi hakuweza, maana ni yeye, mzee wa kanisa, aliyewahi kumnyima jirani kuku wake aliyenadiwa kwa bahati mbaya, akisema sadaka hairudi nyumbani. Basi tulimwona akizunguka. Alikagua pampu zilizokaguliwa. Alitazama mkono mtupu, akauficha mfukoni, akautazama tena. Tulimhurumia kwelikweli.

Oktoba Bibi Nanyori alifika getini kwetu na saa ndani ya kitambaa; aliikuta kwenye maharage alipokuwa akichagua mbegu. Mzee alimwamkia shikamoo kisha akakataa kuipokea. Bibi akasema yeye alinunua mbegu, si saa, na mambo ya watu hayapandwi shambani kwake. Walibishana mpaka bibi akachoka, akaamua: ataitoa sadaka.

Jumapili iliyofuata ikanadiwa. Mnadishaji alikuwa yeye yule. Mama Tabea akataja bei ya kuku mmoja. Mzee akauliza nani anaongeza. Usharika mzima, wenye uwezo wakiwemo, haukuongeza hata senti. Aliuliza tena, machozi yakimlenga, na hakuna aliyekohoa.

Mama Tabea akaichukua, akaivaa mwenyewe.

Ndivyo ilivyo mpaka leo. Saa ni ya mama, na amempa mumewe ruhusa ya kuitia ufunguo kila asubuhi, na kuivaa siku moja tu, Ijumaa hii. Jumatatu iliyopita, kwa mara ya kwanza tangu aajiriwe, Mzee Elirehema alichelewa kazini. Nilimpigia simu nikiwa na wasiwasi. Alinong'ona kwamba mama bado amelala na saa iko mkononi mwake, kwa hiyo amekaa pembeni ya kitanda, anasubiri aamke.

Mzee wetu, asante kwa maji. Tunakuombea asubuhi nyingi za namna hiyo, wewe na mama. Endelea kukaa.