Papa Théogène na Chiriku wa Alama ya Kuuliza

Tarehe 30 mwezi huu Papa Théogène Nzabandora anastaafu, baada ya miaka ishirini na saba ya kuhesabu ndege kwa ajili ya chama chetu. Alianza na darubini moja, na anamaliza na ileile. Viatu amebadilisha mara nne au tano, mwenyewe hakumbuki vizuri.

Kazi yake kubwa ameifanya kwenye nyasi na vichaka vya milima ya Masisi. Huko alizoea kusimama kimya muda mrefu, hata wachungaji wakadhani amepoteza ng'ombe. Watu wema wale walikuja kumsaidia kutafuta, wakipiga miluzi, na ndege wote wakaondoka. Mwaka mmoja alitumwa Walikale. Wawindaji wa kijiji cha Kibua walimweleza ndege wao kwa ladha, naye akaandika yote, pamoja na kiasi cha chumvi.

Ubishi wake tunaujua sote. Miaka tisa iliyopita, yeye na marehemu mume wangu, Élie, walimwona kichakani chiriku jike, ndege mdogo wa kula mbegu, mwenye rangi ya majani makavu. Élie alisema ni chiriku wa utosi wa manjano, ambaye dume tu ndiye mwenye utosi huo, kwa kuwa mdomo wake ni mfupi, akamchora. Papa Théogène alisema ni chiriku wa aina nyingine, mwenye mdomo mwembamba: "Kaka, wewe unachoraka kila mudomo mufupi, hata ya bata!" Kwenye daftari kuu wakaweka alama ya kuuliza kwa penseli. Walibishana hadi mezani kwangu, maharagwe yakipoa. Élie alifariki miaka miwili iliyopita, na alama ikabaki.

Mwezi uliopita, mlimani palepale, jike kama yule alitua hatua kumi mbele ya Papa Théogène. Dume mwenye utosi wa manjano akaja kumlisha, kama afanyavyo kwa mwenzi wake. Papa akatoa mfukoni mchoro wa Élie, ambao sikujua kwamba anatembea nao, akalinganisha midomo. Alifika ofisini na matope hadi magotini, akaniomba daftari na kifutio.

"Mama Françoise, Élie njo aliona muzuri, miye nilikosa."

Alifuta kwa nguvu mpaka karatasi ikatoboka. Jina la chiriku ilibidi aliandike pembeni ya tundu.

Asante, Papa Théogène. Tunakuombea asubuhi zenye jua, maziwa ya kutosha, na wachungaji wasiokusaidia. Ule mchoro usinirudishie. Kaa nao.